Usiku wa Tokyo Baada ya Treni ya Mwisho

Ijumaa moja ya Novemba mwaka 2022, wiki ya sita tangu nihamie Tokyo kwa masomo ya uzamili, nilisimama ndani ya kituo cha Shinjuku nikimtazama mfanyakazi wa reli, kijana aliyevaa glavu nyeupe, akiteremsha mlango wa chuma taratibu kama mtu anayemfunika shuka mtoto aliyelala. Treni yangu ya njia ya Chuo, iendayo magharibi nilikokuwa nimepanga chumba, ilikuwa imeondoka dakika nne kabla. Nilichelewa kwa sababu nilipotea ndani ya kituo chenyewe, jambo lisilomshangaza yeyote anayekijua: kina milango ya kutokea zaidi ya 200, na kabla ya janga la UVIKO-19 kilikuwa kikipitisha watu zaidi ya milioni tatu kwa siku, wengi kuliko kituo kingine chochote duniani. Kijana yule aliinama, akasema maneno ambayo wakati huo niliyaelewa nusu tu, kisha akanionyesha ngazi za kurudi barabarani kwa kiganja kilichokunjuliwa badala ya kidole. Mlango ukagusa sakafu. Saa saba usiku ilikuwa inakaribia, baridi imeshaanza kupenya kwenye koti, na treni ya kwanza ya alfajiri ilikuwa bado saa nne.

Tangu usiku ule nimeishi hapa zaidi ya miaka miwili, na kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa nimefanya kazi ya zamu ya usiku. Ninaandika kuhusu saa hizo nne kwa sababu naona maelezo mengi ya usiku wa Tokyo huishia kwenye taa: mabango ya neoni, skrini zilizofunika majengo, umati unaovuka barabara pale Shibuya. Taa hizo zipo na zinapendeza, lakini ni za nusu ya kwanza ya usiku. Nusu ya pili huanza treni zinapolala, na kwangu mimi mgeni, hiyo ndiyo iliyonifungulia jiji.

Neno la kwanza la Kijapani nililojifunza nje ya darasa ni shuden, kifupisho cha maneno yenye maana ya treni ya mwisho. Ukikaa mezani na Wajapani Ijumaa usiku, utalisikia likianza kutajwa kuanzia saa tano. Mtu hutazama simu yake, hutaja saa na dakika ya treni yake, na papo hapo wenzake huacha kumbembeleza abaki. Nimeshuhudia jinsi neno hilo linavyomwezesha mfanyakazi mdogo kuinuka mbele ya mkuu wake bila kumvunjia heshima, kwa kuwa hakuna anayeweza kubishana na ratiba ya reli. Mwanzoni nilidhani ni kisingizio tu. Sasa naona ni adabu ambayo jiji zima limekubaliana nayo: lawama ya kuondoka hubebwa na treni, wala haimwangukii anayeondoka. Treni za mwisho zenyewe husubiriana. Njia moja ikichelewa, mara nyingi ile ya mwisho ya njia inayowapokea abiria wake huwangoja dakika chache, na utawaona watu wakikimbia kwenye ngazi huku wafanyakazi wa kituo wakiwaelekeza kwa sauti na kwa taa za mkononi.

Wageni wengi niliosoma nao hukasirishwa na jambo hili. Huuliza inakuwaje jiji lenye mtandao mkubwa wa reli namna hii lilale kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na nusu alfajiri, wakati treni za chini ya ardhi za New York hukimbia usiku kucha. Niliuliza swali hilohilo mpaka nilipopata jibu, na jibu lenyewe liko kwenye chuma. Njia nyingi kuu za New York zina reli nne, hivyo mafundi wanapofanya kazi kwenye reli moja, treni huhamishiwa kwenye nyingine. Njia nyingi za chini ya ardhi za Tokyo zina reli mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na treni zinazopita juu yake saa za msongamano hufuatana kwa tofauti ya dakika mbili au tatu. Hakuna wakati mwingine wa kuzikagua, kubadilisha vipande vilivyolika, kukaza, kusaga na kupima. Usahihi wa ratiba unaosifiwa kote duniani hutengenezwa gizani, katika muda usiofika saa nne, na watu ambao abiria hawaonani nao kamwe.

Ndiyo maana sikuungana na waliolalamika kuwa treni za mwisho zimewahishwa. Machi 2021 kampuni ya reli ya JR East iliwahisha treni hizo kwa karibu nusu saa kwenye njia zake nyingi zinazozunguka Tokyo. Abiria wa usiku walikuwa wamepungua kwa sababu ya janga, lakini kampuni ilieleza pia kwamba mafundi wa reli wanazidi kuwa wachache na wanahitaji muda mrefu zaidi kila usiku. Kabla ya hapo, Desemba 2013, serikali ya jiji ilijaribu mabasi ya usiku kucha kati ya Shibuya na Roppongi kila Ijumaa; abiria walikuwa wachache mno na jaribio halikumaliza hata mwaka. Jiji lilishapanga usiku wake kwa kufuata treni, na wanaobaki baada ya treni wana utaratibu wao. Usiku mmoja tu wa mwaka njia ya Yamanote, mzunguko wa kilomita 34.5 wenye vituo 30, huendelea kukimbia hadi asubuhi: tarehe 31 Desemba, ili watu waweze kwenda kwenye mahekalu kuupokea mwaka. Nilipanda treni hiyo saa tisa usiku nikielekea hekalu la Meiji, na ukimya wa mabehewa yaliyojaa watu ulinigusa kuliko fataki zozote nilizowahi kuona.

Kuna jambo dogo ambalo mzungumzaji wa Kiswahili atalifurahia. Baa na migahawa mingi ya hapa huandika mlangoni kwamba hufunguliwa kuanzia 18:00 hadi 27:00, na ratiba za televisheni huonyesha vipindi vya 25:30. Haya si makosa ya uchapaji. Saa 25:00 ni saa moja baada ya kati ya usiku, na usiku huhesabiwa kuwa bado ni wa siku iliyotangulia mpaka watu watakapokwenda kulala. Wanafunzi wenzangu kutoka Ulaya walitatizika sana na hesabu hiyo. Mimi, ambaye lugha yangu huanza kuhesabu saa za usiku jua linapotua na kuzifuata bila kukatika hadi alfajiri, niliielewa mara moja, na kwa dakika chache nilijisikia nyumbani mbele ya bango la baa ambayo sikuwa na nia ya kuingia.

Nirudi kwenye usiku ule wa kwanza. Nilikwenda kwenye koban, kibanda cha polisi cha mtaani ambacho huwa na taa nyekundu mlangoni, na askari mzee kiasi akafunua ramani ya karatasi kubwa kama kitambaa cha meza. Kwa Kiingereza chake kidogo na Kijapani changu kidogo zaidi, alinieleza nilichoweza kufanya. Teksi zilikuwepo, zimepanga foleni upande wa mashariki. Mwezi huohuo nauli ya kuanzia ilikuwa imewekwa kuwa yeni 500 kwa mita 1,096 za mwanzo, na kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri huongezwa asilimia 20. Kwa umbali wa kwangu ingekula fedha ya chakula ya wiki nzima. Hoteli za kapsuli, ambapo mtu hulala ndani ya kijumba kinachotosha mwili wake tu, nyingi katika eneo lile zilipokea wanaume pekee. Vyumba vya karaoke vilikuwa na bei ya jumla hadi saa kumi na moja alfajiri, na baadaye nilikuja kujua kwamba wengi huvipanga bila nia ya kuimba, wakazima mashine na kujinyosha kwenye kochi. Askari alipofika kwenye mikahawa ya manga, yaani vitabu vya katuni, aliweka kidole juu ya ramani, akaniangalia na kutikisa kichwa kunihakikishia.

Nililala huko, kama kuketi kwenye kijichumba chenye kuta za mbao nyembamba zisizofika darini kunaweza kuitwa kulala. Kulikuwa na blanketi, kompyuta, taa ndogo, na nje rafu ndefu za vitabu pamoja na bafu la kukodi. Kilichonizuia kusinzia si kelele, kwa kuwa watu walitembea bila viatu na kukohoa ndani ya mikono yao. Ni viatu vilivyokuwa mbele ya milango. Mbele ya mlango wa jirani yangu palikuwa na jozi mbili, za kazi na za mvua, na juu ya kizigeu lilining'inia shati lililofuliwa. Mtu huyo hakuwa amekosa treni. Baadaye nilisoma utafiti wa serikali ya jiji uliotangazwa mwaka 2018, uliokadiria kwamba watu wapatao 4,000 kati ya wanaolala katika mikahawa ya aina hiyo mjini Tokyo kila usiku wa siku za kazi hawana makazi mengine, na wengi wao wana kazi za vibarua. Kila ninapopita mbele ya ngazi za mikahawa hiyo huzikumbuka zile jozi mbili za viatu, na siwezi tena kuisifia kuwa ni kivutio cha wageni.

Mwaka uliofuata nilipata kazi katika konbini karibu na kituo cha Nakano. Konbini ni duka dogo lisilofungwa. Nchini Japani yapo zaidi ya 55,000, na mtindo wa kukesha ulianza mwaka 1975 katika mji wa Koriyama. Mwanafunzi wa kigeni mwenye kibali cha idara ya uhamiaji anaruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki na si zaidi wakati wa muhula, tena si katika baa za burudani. Nilichagua usiku kwa sababu sheria ya kazi inamtaka mwajiri aongeze angalau asilimia 25 ya ujira kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kima cha chini cha Tokyo kilikuwa yeni 1,113 kwa saa kuanzia Oktoba 2023, na nyongeza hiyo ndiyo iliyonilipia kodi ya chumba. Nilifanya zamu tatu kwa wiki pamoja na kijana wa Kinepali aliyenitangulia kwa mwaka mmoja. Tangu siku ya kwanza aliniita didi, neno la kwao la kumwita dada mkubwa, nami nikamwita mdogo wangu, na katika duka lile la Kijapani hatukuwahi kuitana kwa majina yaliyoandikwa kwenye vibandiko vya vifuani.

Ningependa msomaji ajue kazi hiyo ilivyo, kwa sababu wanaosifia maduka haya huzungumzia bidhaa na kusahau mikono. Baada ya kati ya usiku lori la vyakula hufika na makreti ya plastiki: matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani, vyakula vya boksi, mikate, saladi. Kila kimoja kina siku na saa ya mwisho ya kuuzwa, na saa hiyo si mapambo. Ikishapita, mashine ya malipo hulia na kukataa kukisoma. Kabla ya lori kufika tulikuwa tunapitia rafu na kuondoa vilivyobakiza muda mfupi, tukavitia kwenye mifuko ya kutupwa. Sikuwahi kuizoea sehemu hiyo. Chakula kizuri, kilichopikwa siku hiyohiyo, kilikwenda kwenye pipa kilo kwa kilo huku mtaa mmoja mbali kuna mtu anayelala na jozi mbili za viatu mlangoni. Nilimwambia mwenye duka, na yeye, mtu mpole aliyezeeka kabla ya umri, alijibu kuwa kinamuuma hata zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya hasara ni yake.

Kisha huoshwa kikaango cha mafuta, hupigwa deki sakafu, husafishwa choo, hupangwa vinywaji kutokea nyuma ya friji ambako baridi huganda kwenye vidole. Katikati ya yote hayo, kengele ya mlango hulia na unapaza sauti ya kukaribisha hata kama uko nyuma ya friji.

Wateja wa usiku ni wachache, na kwa hiyo hukumbukana nao. Saa nane alikuja dereva wa teksi aliyekula amesimama nje kando ya gari lake, ingawa kulikuwa na viti. Walikuja wauguzi wawili wa hospitali ya jirani waliobadilishana zamu, kila mmoja akimnunulia mwenzake kitu bila kuulizwa. Alikuja kijana mwenye nywele zilizosimamishwa kwa ustadi, mfanyakazi wa klabu ya Kabukicho, mtaa wa starehe wa Shinjuku, ambako wanawake hulipa ili kuongea na wanaume kama yeye, akanunua kila usiku chupa ndogo ya kinywaji cha manjano kinachoaminiwa kutuliza pombe, akaimaliza mbele ya kaunta na kusema asante kwa sauti iliyokauka. Na saa tisa na nusu alikuja mzee mmoja kusubiri magazeti.

Magazeti hufika yapata saa kumi alfajiri. Mzee huyo hakukosa kamwe, na alitangulia nusu saa nzima, akasimama karibu na mashine ya kunakili karatasi ili asizuie njia. Mwanzoni tulisalimiana tu kuhusu baridi. Siku moja aliniona nikisoma kwa taabu kichwa cha habari wakati wa kupanga magazeti, akaweka kidole chini ya herufi na kunisomea polepole, kisha akangoja nirudie. Ikawa desturi yetu: kila alfajiri kichwa kimoja cha habari, kamwe si viwili. Nilijifunza kwake maneno ya uchaguzi, ya tetemeko la ardhi, ya bei za mchele na ya kustaafu. Chuoni nilikuwa na walimu hodari, lakini mchana wa Tokyo hauna nafasi ya mtu kusimama nusu saa akimsubiri mgeni atamke neno. Usiku unayo. Sijui jina lake mpaka leo, na yeye alinijua kwa kibandiko tu, ambacho alikisoma kwa makini kila mara kama vile ni mara ya kwanza.

Kwa sababu hiyo moyo wangu umegawanyika kuhusu maduka haya kukesha. Mwaka 2019 mjadala ulizuka nchini kote baada ya mwenye konbini mmoja katika mkoa wa Osaka kuanza kufunga usiku kwa kukosa wafanyakazi, huku mkataba ukimtaka asifunge. Mwaka uliofuata Tume ya Biashara ya Haki ya Japani ilisema kuwalazimisha wenye maduka kukesha kunaweza kuvunja sheria ya ushindani. Nakubaliana na tume. Nimemwona mwenye duka letu akija kuziba pengo la mfanyakazi mgonjwa baada ya kufanya kazi mchana kutwa, akiwa amejishikiza kwenye kaunta ili asianguke. Taa isiyozimika inampendeza anayepita, lakini kuna mtu anayeishikilia. Hata hivyo, duka lile likifungwa saa saba, sijui mzee wa magazeti atasimama wapi.

Kuhusu Kabukicho sina mengi ya kusema, ingawa ndiyo inayoulizwa kuliko yote. Eneo hilo lilipewa jina la ukumbi wa maonyesho ya kabuki uliopangwa kujengwa baada ya vita na haukujengwa. Vipaza sauti mitaani huwaonya watu usiku kucha wasiwafuate wapiga debe, na onyo hilo ni la kuaminiwa: mwanafunzi mwenzangu alimfuata mmoja kwa ahadi ya kinywaji cha bei nafuu na akadaiwa yeni 60,000 kwa glasi mbili. Ingia mahali penye bei zilizobandikwa, na usifuate mtu. Vichochoro sita vya Golden Gai, hatua chache kutoka hapo, vyenye baa zaidi ya 200 ambazo nyingi hazina viti kumi, vinanipendeza zaidi, kwa kuwa huwezi kukaa kwenye kaunta ya watu sita bila kuongea na jirani yako. Na wanaopenda kucheza muziki wajue kwamba haki yao ni changa: sheria ya mwaka 1948 iliweka masharti juu ya kumbi za dansi, na ni marekebisho yaliyoanza kutumika Juni 2016 yaliyoziruhusu klabu kuchezesha watu hadi asubuhi, kwa sharti la mwanga unaozidi luksi 10.

Huulizwa pia kama mwanamke anaweza kutembea peke yake. Nimetembea saa tisa usiku kutoka Nakano hadi Koenji, kandokando ya nguzo za reli, na hofu yangu ilikuwa ndogo kuliko katika mji wowote niliowahi kuishi. Siwezi kusema haipo kabisa. Mabehewa ya wanawake pekee yalianza tena kwenye njia ya Keio mwishoni mwa mwaka 2000, katika treni za usiku wa manane za msimu wa karamu za kufunga mwaka, kwa sababu wanawake walikuwa wakisumbuliwa na walevi. Kilichoniumiza mimi ni kitu kingine. Mara tatu nimesimamishwa na askari nikitoka kazini, nikaombwa kadi ya ukaazi, ambayo sheria inamtaka kila mgeni mwenye umri wa miaka 16 na zaidi aliyepewa awe nayo daima. Mara zote watu wengine walipita pembeni bila kuulizwa. Mara ya tatu nilikuwa nimevaa bado sare ya duka chini ya koti, mikono inanuka sabuni ya deki, na nililia baada ya askari kuondoka, si mbele yao. Mdogo wangu wa Kinepali, nilipomsimulia, hakusema neno. Alichota kadi yake mfukoni na kunionyesha jinsi kona zake zilivyochakaa kwa kutolewa na kurudishwa.

Mteja wa mwisho wa zamu yetu, kwa kawaida kabla kidogo ya saa kumi na nusu alfajiri, alikuwa fundi wa reli. Alikuja na kofia ngumu mkononi na kizibao kinachoakisi mwanga, magoti yana vumbi jeusi la chuma, na alinunua kahawa mbili za moto za kopo, moja ya kunywa na moja ya kushika. Kuingia kwake ndiko kulikotujulisha kuwa kazi ya usiku relini imekwisha na treni zinakaribia kuamka. Tulikuwa tumepeana maneno ya kawaida kwa miezi mingi, mpaka alfajiri moja ya Februari, wakati wa kumrudishia chenji, aliponiuliza ninapanda njia gani kurudi nyumbani. Nikamwambia ya Chuo, kuelekea magharibi. Alifikiri kidogo, kisha akaeleza kwa maneno mepesi ili nimfuate kwamba usiku ule yeye na wenzake walibadilisha reli upande huo, mahali fulani baada ya Nakano kabla ya kufika Koenji. Akatandaza viganja vyake hewani kuonyesha urefu, mikono haikutosha, akacheka.

Saa kumi na moja nilivua sare, nikamuaga mdogo wangu na kupanda jukwaani. Kunguru walikuwa wameshaanza kushuka kwenye mifuko ya taka mtaani chini. Treni ilikuja ikiwa na watu wanaorudi, vichwa vimeinamia vifua, na watu wanaokwenda, mashati yamenyooshwa, wameketi bega kwa bega bila kutazamana. Nilisimama mlangoni ingawa viti vilikuwepo. Tulipotoka Nakano niliweka kiganja kwenye chuma cha mlango na kusikiliza. Magurudumu yaligonga kama kawaida, yakagonga tena, halafu kwa muda, sijui ni mita ngapi, mtetemo ukapungua chini ya mkono wangu na treni ikawa kama inateleza. Mtu aliyekaa karibu nami aliendelea kulala.